Askofu Alexander Muge, Mwana wa Nandi

Kila harambee tunamkumbuka mmoja wa wazee wetu waliotutangulia. Mwaka huu tunamkumbuka Askofu Alexander Kipsang Muge.

Alianza kazi akiwa askari wa GSU, kisha akaitikia wito wa uchungaji. Mwaka 1983 akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret. Kura ya mlolongo ilipoletwa mwaka 1986 aliipinga waziwazi, wala hakunyamazia unyakuzi wa ardhi na njaa iliyowakumba ndugu zetu wa Pokot. Aliamini kuwatetea wanyonge ni sehemu ya imani ya Mkristo.

Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya hadharani kuwa akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Askofu alikwenda tarehe 14, akakutana na waumini. Akiwa njiani kurudi, gari lake liligongana na lori, akafariki. Baadaye waziri yule alijiuzulu.

Ndugu wapendwa, wako watoto wetu waliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Tuwachangie wasome, nao waje kuwatetea wengine kama alivyofanya Askofu. Karibuni, na Mungu awabariki.