Georges Simenon na mauaji ya hoteli ya Libreville

Wasomaji wetu wengi wanamujua Georges Simenon juu ya komisere Maigret, yule polisi wa Paris mwenye kiko kinywani. Leo tunataka kukumbuka kitabu chake kimoja ambamo Maigret hayuko. Kile kinatugusa sisi Waafrika.

Simenon alizaliwa Liège, Ubelgiji, katika mwaka 1903. Baba yake alikuwa karani wa asiransi. Mama yake alikuwa anapangisha vyumba kwa wanafunzi wageni, na mutoto akakomaa kati ya watu wasiojuana vizuri, wanaokula kwenye meza moja. Katika 1919 akaingia kazi ya gazeti. Katika 1931 Maigret akajulikana kila mahali. Mwaka ule ule kikatoka Le Chien jaune: hoteli katika muji wa wavuvi, sumu, woga, kila mutu anashuku mwenzake. Mwishoni Maigret anafunua yote, na tunalala vizuri.

Lakini katika 1932 Simenon alisafiri Afrika. Alipita Misri, Sudani na Kongo ya Wabelgiji, akafika mpaka Matadi, kule mudogo wake Christian alikuwa anafanya kazi. Alifika Libreville pia, na katika 1933 akatoa Le Coup de lune.

Mule tena iko hoteli, iko mauaji. Kijana Mufaransa, Timar, anafikia kwa Adèle, mama mwenye hoteli. Usiku mumoja boyi Thomas anapigwa risasi. Nani aliua? Wazungu wote wa muji wanajua: ni Adèle. Basi tribinali inafanya nini? Inaletewa mweusi mumoja asiye na kosa. Timar anasimama kusema ukweli. Wenzake wanamugeukia, na anarudishwa Ulaya kwa mashua kama mutu aliyepoteza akili.

Njo tofauti kubwa. Katika hoteli ya Maigret, siri inafichwa na watu wachache. Katika hoteli ya Libreville, siri inafichwa na wote, na zuzi pamoja nao.

Mama mumoja mwenye hoteli kule Libreville alimushitaki Simenon, akisema ni yeye aliyechorwa katika kitabu. Alishindwa.

Tuseme pia kile kinachopunguka. Kifo cha Thomas tunakiona kwa macho ya Timar tu, na wale weusi wa kitabu hawapewi nafasi ya kujieleza. Simenon aliona ubaya wa ukoloni, lakini masikio yake yalibakia kwenye meza ya wazungu.

Alikufa Lausanne, Uswisi, katika 1989. Maigret anasomwa mingi kuliko Timar, na tunaelewa sababu: kila mutu anapenda muuaji akamatwe. Lakini sisi tunaojua tribinali ambamo maskini njo analipa, tusome na kile kingine.