Kurt Hahn: Mwalimu aliyewafunza vijana uongozi baharini na mlimani

WALIMU wengi mashuhuri hukumbukwa kwa vitabu walivyoandika. Kurt Hahn, Mjerumani aliyeaga dunia mwaka wa 1974 akiwa na umri wa miaka 88, hakuacha kitabu kikubwa cha nadharia ya elimu. Aliacha shule, na pamoja nazo imani kwamba kiongozi hapatikani darasani pekee.

Kijana wa Kenya aliyewahi kubeba shanta na kulala hemani akitafuta Tuzo ya Rais ni mnufaika wa fikra za mwalimu huyo, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Ndivyo alivyo pia mwanafunzi aliyepata ufadhili wa kwenda kusoma ughaibuni katika mojawapo ya vyuo vya United World Colleges.

Hahn alizaliwa Juni 5, 1886 jijini Berlin, katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza kiuchumi. Baba yake alikuwa mwenye viwanda. Angali kijana, alipigwa na jua kali hadi akaugua, na maradhi hayo yakamwachia udhaifu wa maisha. Tangu hapo hakuweza kustahimili jua, na mara nyingi alionekana amevaa kofia pana. Ni ajabu basi kwamba mtu huyo ndiye aliyekuja kuwatoa maelfu ya vijana madarasani na kuwapeleka nje penye jua, mvua na upepo.

Alisomea vyuo vikuu vya Ujerumani na pia Oxford, Uingereza, ambako alivutiwa na maandishi ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Nyakati za likizo alikuwa akienda Moray, kaskazini mwa Uskoti, kutafuta nafuu katika hali ya hewa ya baridi. Hivyo naye alikuwa mwanafunzi wa ughaibuni kabla ya kuwapeleka wengine ng'ambo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, Hahn alirejea kwao. Kwa kuwa alikifahamu Kiingereza vyema, alipewa kazi ya kuyasoma magazeti ya Uingereza na kuwaeleza wakuu wa serikali yake maoni ya upande wa pili. Baadaye akawa katibu wa Prince Max wa Baden, chansela wa mwisho wa utawala wa Kaisari, aliyeshika hatamu kwa wiki chache tu mwaka wa 1918 kabla ya Ujerumani kushindwa vitani.

Wawili hao waliiona nchi ikianguka, nao wakaamini kwamba kiini cha maafa hayo kilikuwa uhaba wa viongozi wenye uwezo wa kufikiri na pia ujasiri wa kutenda. Mwaka wa 1920, Prince Max alitoa sehemu ya jumba lake la Salem, lililokuwa monasteri zamani karibu na Ziwa Constance, na shule ikaanzishwa humo chini ya uongozi wa Hahn.

Salem haikuwa shule ya kukariri tu. Wanafunzi walikimbia, waliruka na kufanya kazi za mikono. Kila mmoja alikuwa na orodha ya wajibu wake wa kila siku, na jioni aliijaza mwenyewe bila kusimamiwa. Aliyekuwa ameshindwa kutimiza jambo alitarajiwa kuandika hivyo kwa hiari yake. Hahn alishikilia kwamba mtu asiyeweza kujisimamia akiwa peke yake hafai kukabidhiwa usimamizi wa wenzake.

Mafunzo hayo yalimgeukia mwalimu mwenyewe mwaka wa 1932. Mnamo Agosti mwaka huo, wafuasi wa chama cha Nazi walivamia nyumba moja katika kijiji cha Potempa na kumuua kinyama kibarua mmoja Mkomunisti huku mama yake akishuhudia. Mahakama ilipowahukumu kifo wauaji watano, Adolf Hitler aliwatumia simu ya maandishi ya kuwaunga mkono.

Hahn hakunyamaza. Aliwaandikia watu wote waliokuwa wamepitia Salem akiwataka wale waliojiunga na vikosi vya Nazi wachague moja: ama wavunje uhusiano na Hitler, ama wavunje uhusiano na shule yao. Ikumbukwe kwamba alikuwa Myahudi, na kwamba chama hicho kilikuwa mlangoni pa mamlaka.

Malipo ya ujasiri huo hayakuchelewa. Hitler alitwaa uongozi Januari 1933, na mnamo Machi Hahn akatiwa mbaroni. Marafiki zake wa Uingereza walipaza sauti, akiwemo Waziri Mkuu Ramsay MacDonald, naye akaachiliwa. Julai mwaka huo alihamia Uingereza, akiwa ameiacha shule aliyoijenga kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Mwaka wa 1934 alianza upya katika eneo lile lile la Moray alikokuwa akipumzikia ujanani. Shule hiyo mpya iliitwa Gordonstoun. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Prince Philip, aliyekuwa amesoma Salem kwa muda mfupi, na ambaye baadaye alimwoa Malkia Elizabeth wa Pili.

Gordonstoun iko karibu na bahari, na Hahn aliitumia bahari hiyo kama darasa. Wanafunzi walifunzwa kuongoza vyombo na kushika zamu za ulinzi wa pwani, wakitazama kama kuna chombo kilichopatwa na dhiki. Hapo ndipo wazo lake lilipokomaa. Aligundua kwamba kijana mtundu au mvivu hubadilika anapotambua kuwa kosa lake laweza kugharimu maisha ya mtu.

Kwa maoni yake, vijana wa kizazi kile walikuwa wakidhoofika kwa njia nyingi. Miili yao ililegea kwa sababu ya vyombo vya usafiri, ari ya kujaribu ilipungua kwa sababu ya kuzoea kutazama wengine wakitenda, na umakini wa kazi ya mikono ulikuwa ukififia. Lililomsikitisha zaidi ni kupungua kwa huruma, ambako aliona kulitokana na pupa ya maisha ya kisasa.

Vita Vikuu vya Pili vilileta jaribio kubwa zaidi. Meli za mizigo za Uingereza zilikuwa zikizamishwa na nyambizi za Ujerumani katika bahari ya Atlantiki. Lawrence Holt, mmoja wa wakuu wa kampuni ya meli ya Blue Funnel, alitatizwa na jambo moja: katika mashua za uokozi, mabaharia vijana wenye nguvu walikuwa wakikata tamaa na kufa, ilhali wazee waliozoea misukosuko ya bahari walinusurika.

Mwaka wa 1941, Holt na Hahn walianzisha shule ya mafunzo katika mji wa Aberdovey, pwani ya Wales. Waliiita Outward Bound, maneno ambayo mabaharia huyatumia kuhusu chombo kilichong'oa nanga na kuelekea bahari kuu. Kwa takriban mwezi mmoja, mabaharia chipukizi, wanagenzi wa viwandani na wavulana wa shule waliishi pamoja, wakapanda milima pamoja na kusafiri baharini pamoja.

Lengo halikuwa kupata bingwa wa kukwea mlima. Kikosi kilipimwa kwa kufika kwake chote, na aliyetangulia alipaswa kumngoja na kumsaidia aliyechoka. Kwa njia hiyo, mtoto wa tajiri alijikuta akiutegemea mkono wa mtoto wa kibarua, na kila mmoja akapata zamu ya kuongoza na zamu ya kuongozwa.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, mpango huo ulienea. Katika miaka ya 1950 ulifika Kenya, ambako shule ya Outward Bound ilifunguliwa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Ingawa ilianza enzi za ukoloni, vijana wa asili mbalimbali kutoka Afrika Mashariki walipitia mafunzo hapo na kuukwea mlima huo.

Hahn aliondoka uongozini Gordonstoun mwaka wa 1953 kwa sababu za kiafya, lakini hakupumzika. Alimhimiza mwanafunzi wake wa zamani, Prince Philip, kuanzisha mpango wa tuzo ambao kijana yeyote angeweza kushiriki hata kama hakusoma shule ya kifahari. Tuzo ya Duke wa Edinburgh ilizinduliwa mwaka wa 1956, ikisimamiwa na John Hunt, aliyekuwa ameongoza msafara uliofika kilele cha Everest mwaka wa 1953.

Muongo mmoja baadaye, mwaka wa 1966, Kenya ilianzisha Tuzo ya Rais kwa mfano huo. Mshiriki hutakiwa kuhudumia jamii, kujifunza ujuzi, kufanya mazoezi ya mwili na kufunga safari ya kujipima, akipanda ngazi kutoka Shaba hadi Fedha na hatimaye Dhahabu.

Ndoto yake ya mwisho ilihusu amani. Mwaka wa 1955 alizuru chuo cha kijeshi cha muungano wa NATO jijini Paris. Humo aliwaona maafisa wa mataifa yaliyopigana miaka kumi tu iliyotangulia wakisoma na kula pamoja. Akajiuliza: ikiwa watu wazima waliowahi kulengana bunduki wanaweza kuelewana baada ya kuishi pamoja, vijana wasio na kinyongo wangefanya makubwa kiasi gani?

Jibu lilipatikana mwaka wa 1962, Atlantic College ilipofungua milango yake katika ngome ya St Donat's, Wales. Wavulana wa mataifa mbalimbali walisoma huko miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Mwalimu mkuu wa kwanza, Desmond Hoare, alikuwa afisa wa jeshi la majini, na wanafunzi wake walifanya kazi ya kuwaokoa watu baharini. Katika kazi hiyo walibuni mashua yenye kitako kigumu na kingo za mpira uliojazwa hewa, ambayo leo hutumiwa na waokoaji kote duniani.

Chuo hicho kilizaa vingine. Waterford Kamhlaba, shule iliyoanzishwa Swaziland mwaka wa 1963 kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, ilijiunga na familia hiyo mwaka wa 1981. Mwaka wa 2019 ilikuwa zamu ya Afrika Mashariki, chuo chenye matawi Moshi na Arusha kilipopokelewa, na idadi ya shule hizo ikafika 18.

Hata hivyo, si kila mtu aliyemsifu Hahn. Wapo waliosema shule zake zilikuwa kali kupita kiasi, kwa mbio za alfajiri na kuoga maji baridi. Mfalme Charles wa Tatu, aliyesoma Gordonstoun katika miaka ya sitini, hakuifurahia. Wengine walihoji jinsi mwalimu aliyehubiri huduma kwa wote alivyoendesha shule zilizojaa watoto wa wakwasi.

Lawama hiyo ya mwisho ina uzito, na pengine ndiyo inayotuhusu zaidi. Safari za milimani hugharimu fedha, na masomo ya ng'ambo huwafikia wachache. Hahn mwenyewe alilitambua tatizo hilo. Ndiyo maana alitafuta ufadhili kwa wasiojiweza, na ndiyo maana tuzo aliyoichochea haikudai ada ya shule ya bweni.

Isitoshe, kiini cha mafunzo yake hakihitaji mlima mrefu wala pasipoti. Mwanafunzi anayekabidhiwa kazi ambayo wenzake wanaitegemea kwa kweli, kisha akaachiwa nafasi ya kuifanya, huwa ameanza safari hiyo hiyo. Kiranja anayepewa cheo na fimbo bila jukumu la kumhudumia yeyote hafunzwi ila kutawala.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wakikusudia onyo. Hahn aliugeuza ulimwengu kuwa mwalimu wa makusudi, ili kijana akutane na baridi, hofu na watu wa lugha nyingine angali na mtu wa kumshika mkono.

Baada ya vita alikuwa amerudi kuishi kwa vipindi katika nchi yake ya kuzaliwa, na ni huko, karibu na Salem, alikofariki Desemba 14, 1974. Alizikwa Salem, pale alipoanzia kazi ya ualimu na ambapo, mwaka wa 1932, aliwataka wanafunzi wake wachague upande.