Booker T. Washington na Tanuri la Nne

Katika ufundishaji wa kazi za mikono kuna swali linalomtatiza sana mwalimu kijana: atamfundishaje mwanafunzi kazi ambayo mwanafunzi huyo anaidharau, na ambayo pengine mwalimu mwenyewe hajaimudu? Katika makala haya tutayatazama maisha ya Booker T. Washington, Mmarekani Mweusi, kwa sababu yeye alikabiliwa na sehemu zote mbili za swali hilo.

Alizaliwa utumwani katika jimbo la Virginia mwaka 1856. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, jamaa zake walihamia Malden, West Virginia, na huko akafanya kazi ya kuchemsha chumvi, kisha ya kuchimba makaa ya mawe, akiwa angali mtoto. Baadaye akawa mtumishi wa nyumbani kwa Bibi Viola Ruffner, ambaye kwa ukali wake watumishi wengi hawakudumu kwake. Washington alidumu, na hapo alijifunza kuwa chumba husemwa ni kisafi pale vumbi linapokwisha, hata kama aliyefagia amekwisha choka.

Mwaka 1872 alifunga safari ya kama maili 500 kwenda shule ya Hampton, sehemu yake kwa miguu. Alipofika, matambara mwilini, mwalimu wa kike aliyepokea wanafunzi hakumpa kalamu wala karatasi, alimpa ufagio. Kijana alikifagia chumba mara tatu, akakipangusa mara nne. Mwalimu akapitisha leso yake juu ya meza na mbao za ukutani, isipate vumbi, naye akapokewa. Tunawaomba wasomaji wautafakari mtihani huo kwa jicho la ualimu. Kazi ilikuwa halisi, kipimo kilionekana na mtahini na mtahiniwa sawia, na hukumu ilitolewa papo hapo. Mitihani yetu mingi ya kazi za mikono haina hata moja katika sifa hizo.

Tarehe 4 Julai 1881 alifungua shule huko Tuskegee, Alabama, akiwa na wanafunzi 30 katika kibanda kibovu. Wengi wao walikuwa tayari ni walimu, na wengine walikaribia umri wa miaka 40. Walikuja kutafuta vitabu. Baada ya miezi michache shule ilipata shamba lililokuwa limetelekezwa, Washington akatangaza kwamba baada ya masomo watakwenda kufyeka pori. Wanafunzi wakanung'unika: shoka lina uhusiano gani na elimu, na je, kufyeka kunamstahili mwalimu? Yeye hakuwatolea hotuba ndefu. Kila alasiri alitwaa shoka lake akatangulia msituni. Walipoona kwamba mkuu wao haoni haya kutoka jasho, wakamfuata kwa moyo zaidi, na kama ekari 20 zikafyekwa na kupandwa mazao. Sisi tunaopeleka watoto katika shamba la shule na kubaki kivulini, au tunaowapa jembe kuwa adhabu ya kuchelewa, tumekwisha wafundisha dharau kabla kazi haijaanza.

Habari ya matofali ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi, kwani humo mkuu mwenyewe hakuwa na ujuzi. Shule ilihitaji majengo, na mjini hapakuwa na kiwanda cha matofali. Walijaribu mahali mbalimbali kabla ya kupata udongo unaofaa. Wanafunzi walisimama saa nyingi katika shimo la tope, tope likiwafika magotini, na baadhi yao wakaiacha shule kwa kuichukia kazi hiyo. Walifyatua kama matofali 25,000, wakayachoma, hayakuiva. Tanuri la pili nalo likaharibika. La tatu walisaidiwa na walimu waliopata mafunzo ya ufundi Hampton. Moto ulikaribia kutimiza juma zima, matumaini yakawa makubwa, kisha usiku wa manane tanuri likaporomoka.

Fedha zilikuwa zimekwisha, na walimu wakamshauri aiache kazi hiyo. Washington akaenda mji wa Montgomery akaweka saa yake rehani kwa dola 15, akarudi nazo, wakajenga tanuri la nne. Hilo likafaulu. Saa hakuikomboa tena, maana muda wa rehani ulipita kabla hajapata fedha. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 wanafunzi wa Tuskegee walikuwa wakifyatua matofali 1,200,000 kwa msimu mmoja, na majirani Wazungu ambao hawakuipenda shule walikuja kuyanunua.

Tuone jinsi ilivyokuwa rahisi kumwita fundi wa nje, au kulificha tanuri lililoanguka. Hapa mkufunzi na wanafunzi walishindwa pamoja mbele ya watu, kisha wakarudi shimoni pamoja.

Baadaye aliwataka walimu wa darasani waoanishe masomo yao na karakana, hesabu zitoke katika mbao na udongo. Mwaka 1906 Tuskegee ilianza kupeleka gari la farasi lenye zana za kilimo hadi kwa wakulima, wafundishwe katika mashamba yao wenyewe.

Hata hivyo hatuwezi kumsifu bila kikomo. Katika hotuba yake ya Atlanta ya mwaka 1895 aliwashauri Weusi watangulize kazi na kuchelewesha madai ya haki za siasa. W. E. B. Du Bois alimpinga kwa nguvu katika kitabu cha mwaka 1903, na kwa maoni yetu alikuwa na haki. Mafunzo ya aina hiyo yaliwapendeza pia watawala wa kikoloni. Jeanes School ya Kabete, Kenya, iliyoanza mwaka 1925, ilifuata mfano wa kusini mwa Marekani. Mbinu njema ya kufundisha kazi yaweza kutumiwa na mtu asiyetaka mwanafunzi apite kazi hiyo. Mwalimu anayeiga shoka la Washington hana budi kujiuliza shamba ni la nani.

Washington aliugua akiwa New York, akaomba arudishwe nyumbani, akafariki Tuskegee tarehe 14 Novemba 1915. Aliacha wanafunzi wapatao 1,500, walimu karibu 200, na ufundi wa aina 38 uliokuwa ukifundishwa.