Delamere: Bwana wa Ng'ombe Wengi na Madeni Mengi

Pwani yetu, kwa miaka mingi, imekuwa ikinywa maziwa mengi kuliko inayokamua. Yale tunayotia katika chai ya asubuhi, na yale yanayopikiwa tambi na uji wakati wa kufuturu, sehemu kubwa hushuka kutoka bara. Mtu akiulizwa yatokako hutaja Naivasha, Nakuru au Nyandarua, kisha akanyamaza. Wachache huuliza ng'ombe wale wakubwa wa kizungu walifikaje huko, waliletwa na nani, na kwa gharama ya nani.

Leo, mpenzi msomaji, napenda kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake haliwezi kuepukwa katika habari hiyo. Naye ni Hugh Cholmondeley, aliyejulikana zaidi kwa cheo chake cha Lord Delamere, wa tatu kushika cheo hicho. Wapo wanaomsifu kama baba wa ukulima wa Kenya, na wapo wanaomlaani kama mnyakuzi wa ardhi. Mimi naona kila upande una hoja, na ndiyo maana habari yake yafaa kusimuliwa yote.

Kijana wa Kiingereza katika nchi ya Wasomali

Delamere alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870 huko Uingereza, katika jimbo la Cheshire, ambako jamaa zake walikuwa na jumba kubwa na mashamba ya Vale Royal. Alisomeshwa Eton, shule ya watoto wa wakubwa. Mwaka 1887 baba yake alifariki, na kijana huyu wa miaka 17 akarithi cheo na mali. Mali hiyo ndiyo aliyokuja kuiweka rehani baadaye kwa sababu ya Kenya.

Kabla ya kupenda kilimo alipenda kuwinda. Tangu 1891 alikuwa akienda mara kwa mara katika nchi ya Wasomali kuwinda simba. Mwaka 1894 simba mmoja alimrukia, akamwangusha na kumrarua mguu. Aliyemwokoa ni Msomali aliyekuwa akimchukulia bunduki, Abdullah Ashur, ambaye alimvamia yule simba kwa mikono yake ili amwachishe bwana wake. Delamere alipona, lakini alichechemea mpaka mwisho wa uhai wake. Ama kwa hakika, lau si ushujaa wa Mwislamu huyo, habari ya maziwa ya Kenya ingalisimuliwa kwa jina jingine.

Mwaka 1896 aliondoka tena katika pwani ya Wasomali, safari hii akiwa na daktari, mpiga picha, mtu wa kukausha ngozi za wanyama, na ngamia wapatao 200. Walikata jangwa kuelekea kusini. Mwaka 1897, baada ya miezi mingi ya jua na kiu, walitokea katika nyanda za juu za Kenya, penye majani mabichi, mito na baridi. Kwa macho ya Mwingereza aliyetoka jangwani ilikuwa kama kuona kwao. Tangu siku hiyo moyo wake haukurudi tena Cheshire. Alimwoa Lady Florence Cole mwaka 1899, na baada ya muda mfupi wakaja kukaa.

Majani mazuri, ng'ombe wanakufa

Delamere aliomba ardhi Laikipia akanyimwa, kwa kuwa ilikuwa mbali mno na miji na reli. Akaomba karibu na Naivasha akanyimwa tena, kwa kuogopewa ugomvi na Wamaasai. Mwaka 1903 akapewa ekari 100,000 huko Njoro, kwa mkataba wa miaka 99. Kodi yake ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, na sharti atumie pauni 5,000 kuendeleza shamba katika miaka mitano ya mwanzo. Shamba akaliita Equator Ranch. Bwana huyu mwenye jumba la mawe Uingereza akakaa na mkewe katika vibanda vya nyasi.

Ardhi ya Njoro ilikuwa nzuri kwa kuitazama, lakini Wamaasai, ambao ni mabingwa wa ng'ombe tangu mababu, hawakuipenda kwa malisho. Delamere hakujiuliza kwa nini. Akaagiza kondoo wa merino kutoka New Zealand, na katika kila watano wanne wakafa. Sababu ilikuwa chini ya miguu yao: udongo ule ulikosa madini ambayo mnyama huyahitaji. Majani yalijaza tumbo bila ya kujenga mwili.

Akageukia ng'ombe. Akaagiza madume ya aina ya Shorthorn kutoka ng'ambo ili wapande majike ya kienyeji, hasa ya Boran. Fikira yake ilikuwa hii: ng'ombe wa kienyeji ana ustahimilivu wa jua, ukame na kupe, lakini akiisha kumnyonyesha ndama huacha lita moja au mbili tu kwa siku. Ng'ombe wa kizungu ana maziwa mengi lakini ni dhaifu kama mgeni aliyeshuka melini jana. Ukiwachanganya, kizazi baada ya kizazi, huenda ukapata mnyama mwenye sifa za wote wawili. Fikira hiyo ilikuwa sahihi, na mpaka leo ndiyo msingi wa ng'ombe wetu wa gredi.

Lakini maradhi hayakumpa nafasi. Ilikuja homa ya mapafu, ikafuatwa na ugonjwa wa mkojo mwekundu unaoletwa na kupe. Makundi yaliyonunuliwa kwa maelfu ya pauni yaligeuka mizoga. Na hapo sharti tutaje adui mkubwa zaidi wa ng'ombe wa maziwa katika nchi hizi, nao ni ndigana kali, ambayo kwa Kiingereza imepewa jina la pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Ugonjwa huo ulipopelekwa kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ng'ombe waliosafirishwa kwa meli, uliteketeza mifugo huko, na ndipo ukapata jina hilo.

Akajaribu ngano, ikaliwa na kutu. Akafuga mbuni kwa ajili ya manyoya ya kofia za mabibi wa Ulaya, na biashara hiyo nayo ikafa. Kufikia 1909 alikuwa hana kitu mfukoni. Mtu mwingine angalifunga mizigo akarudi kwao, lakini yeye akaenda kukopa.

Soysambu na siagi

Mwaka 1906 alikuwa amekwisha kupata shamba jingine kubwa, Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita. Huko udongo uliwafaa wanyama. Alichojifunza kwa hasara Njoro alikitumia huko: kuogesha ng'ombe katika dawa ya kupe, kuwatenga wagonjwa, kujenga seng'enge, kuchagua madume. Wafugaji wake wengi walikuwa Wamaasai, ambao alijua lugha yao na kukaa nao usiku kuzungumza habari za mifugo.

Lakini ardhi ile ilikuwa ya nani? Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai walikuwa wametolewa katika Bonde la Ufa karibu na reli, wengine wakapelekwa Laikipia. Kwa mkataba wa 1911 wakatolewa na huko Laikipia pia. Walikwenda mahakamani, na 1913 kesi yao ikatupwa. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1890, sotoka ilikwisha waulia ng'ombe wao, na ndui na njaa zikawaua wao wenyewe. Basi mzungu alipofika na kuona nyanda tupu, alidhani hazina mwenyewe. Kumbe mwenye nyumba alikuwa mgonjwa tu, hajahama.

Delamere alikuwa pia kiongozi wa siasa wa masetla. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1907, na maisha yake yote alipigania nyanda za juu ziwe za wazungu peke yao. Mwaka 1923 alikwenda London kupinga Wahindi wasipewe haki sawa na wazungu. Serikali ya Uingereza ikatoa tamko kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza, ingawa kwa miaka mingi tamko hilo lilibaki katika karatasi.

Kazi yake ambayo naona imedumu kuliko siasa zake ni ile ya vyama vya biashara. Mwaka 1908 alikuwa amesaidia kuanzisha kampuni ya kusaga ngano, Unga Limited. Mwaka 1925 yeye na wenzake wakaanzisha Kenya Co-operative Creameries, ambayo sisi sote tumeijua kwa herufi tatu, KCC. Sababu yake yaeleweka kwa kila auzaye maziwa: maziwa hayangoji. Samaki utamkausha, nazi utaiweka, lakini maziwa ya asubuhi jioni yamechacha. Mkulima mmoja mwenye ng'ombe wengi na asiye na pa kuyapeleka ni maskini aliyezungukwa na mali. Kwa kuungana, masetla waliweza kutenga malai, kutengeneza siagi, na kuishusha kwa reli mpaka Kilindini kwenda ng'ambo.

Faida hiyo haikuwa ya wote. Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki ardhi katika nyanda hizo, na kwa miongo mingi alizuiwa kufuga ng'ombe wa gredi. Aliwakamua, akawaogesha, akawazalisha, na wala hakuwa nao hata mmoja.

Mke wa kwanza wa Delamere alifariki 1914. Alioa tena 1928. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 13 Novemba 1931, akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha deni katika mabenki la kiasi cha pauni 500,000, fedha nyingi mno kwa siku hizo. Urithi wa Cheshire ulikuwa umeliwa na kupe na kutu ya ngano.

Baada ya bwana mkubwa

Ajabu ya habari hii imo katika yaliyofuata. Delamere aliamini kwamba maziwa hutoka katika mashamba makubwa ya ng'ombe maelfu, chini ya mzungu. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni ilitoa Mpango wa Swynnerton, na mkulima Mwafrika akafunguliwa mlango wa kupata hati ya shamba na kufuga ng'ombe wa gredi. Kituo cha kupandisha ng'ombe kwa sindano kilikuwa kimekwisha kufunguliwa Kabete tangu 1946, na mkulima mdogo akaweza kupata mbegu ya dume bora bila ya kununua dume. Baada ya uhuru mashamba mengi ya masetla yaligawanywa, na KCC ikapokea maziwa ya wakulima wadogo. Mwaka 1979 Rais Moi akaanzisha maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi, na wengi wetu tuliyaita Maziwa ya Nyayo.

Idadi ya ng'ombe katika boma moja ikapungua, na maziwa ya nchi yakaongezeka. Sensa ya 2009 ilihesabu ng'ombe wapatao milioni 17.5, na kati yao milioni 3.4 tu ndio wa gredi na wa kigeni. Lakini hao wachache ndio watoao sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa. Na wengi wao hawamo katika mashamba ya maelfu ya ekari, bali katika nyumba zenye ng'ombe wawili, watatu au watano. Yakadiriwa kwamba kama asilimia 80 ya maziwa ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo hao, na wengi katika watunzaji ni akina mama.

Kwa hiyo wingi wa ng'ombe si wingi wa maziwa. Ng'ombe mmoja anayepata majani ya kutosha, maji safi, dawa ya kupe na zizi kavu hutoa lita 10 na zaidi kwa siku, ilhali kumi wenye njaa hawajazi kibuyu. Hata kwetu pwani, ambako joto, kupe na mbung'o huwatesa ng'ombe wa kizungu, watafiti wa Mtwapa walionyesha kwamba nyasi za nepia na majani ya lukina, akilishwa ng'ombe wa mchanganyiko ndani ya zizi, huleta maziwa mahali ambapo zamani watu walitarajia nazi na korosho tu.

KCC nayo ilipata misukosuko. Biashara ya maziwa ilipofunguliwa kwa wote mwaka 1992, na kwa uongozi mbaya, chama kikaanguka, wakulima wakabaki na madai yasiyolipwa. Serikali ikakifufua 2003 kwa jina la New KCC. Funzo la 1925 likarudi: bila ya mtu mwaminifu wa kupokea maziwa, ng'ombe bora ni hasara.

Barabara kuu ya Nairobi iliyoitwa Delamere sasa yaitwa Kenyatta Avenue, na sanamu yake iliyokuwa hapo iliondolewa, ikapelekwa Soysambu. Naona ilistahili kuondolewa. Lakini wahenga walisema, mnyonge mnyongeni na haki yake mpeni. Delamere hakuwa mnyonge hata kidogo, ila haki yake ni hii: alikubali kufilisika ili ajue ni mnyama gani aweza kuishi na kukamuliwa katika nchi hii. Haki ya Mmaasai nayo ni kwamba jaribio hilo lilifanywa juu ya malisho yake, bila ya ridhaa yake. Na haki ya mkulima wa leo ni bei nzuri kwa kila lita. Hesabu ya kwanza imekwisha kufungwa kaburini Soysambu. Hizo mbili nyingine bado ziko wazi, nasi tunywao maziwa hayo tu miongoni mwa wadaiwa.