Hadhrat Mufti Muhammad Sadiq r.a. huko Marekani

Sahaba huyu wa Masihi Aliyeahidiwa a.s. alizaliwa Bhera, Punjab, mwaka 1872. Februari 1920 alifika Philadelphia kwa meli, akazuiliwa kwa majuma kadhaa kwa kuwa dini yake inaruhusu kuoa wake zaidi ya mmoja. Ajabu ya kudra, humo kizuizini aliwahubiria waliozuiliwa pamoja naye, na baadhi yao wakasilimu.

Alipoachiliwa alikuta nchi ambayo Mkristo mweusi na Mkristo mweupe walisali makanisa mbalimbali. Huko Chicago, mwaka 1919, watu 38 walikuwa wameuawa katika ghasia za rangi. Naye, ndugu msomaji, aliweka makao yake katika mji uo huo! Akafungua nyumba ya sala mtaa wa Wabash, na mwaka 1921 akaanzisha gazeti la The Moslem Sunrise, akikemea humo ubaguzi wa rangi. Alihutubia pia wafuasi wa Marcus Garvey mjini Detroit, na wapatao 40 wakasilimu.

Mwaka 1923 alirejea Qadian, akiacha jamaa ya waumini weusi na weupe, walio wengi wakiwa weusi. Alifariki Rabwah mwaka 1957.