Absalom Jones

Absalom Jones (6 Novemba 1746 – 13 Februari 1818) alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa kasisi wa Kanisa la Kiepiskopali, ambalo ni sehemu ya Ushirika wa Anglikana nchini Marekani.

Maisha

Alizaliwa mtumwa katika Sussex, Delaware. Akiwa mtoto alitunza senti alizopewa, akanunua kitabu cha tahajia na Agano Jipya, akajifunza kusoma. Alipokuwa na miaka 16, mama yake na ndugu zake waliuzwa, naye akapelekwa Philadelphia kufanya kazi katika duka la bwana wake. Huko aliruhusiwa kusoma shule ya usiku.

Mwaka 1770 alimwoa Mary, aliyekuwa mtumwa pia. Kwa kuwa kisheria mtoto alifuata hali ya mama yake, Jones alimkomboa kwanza mkewe ili watoto wao wazaliwe huru. Yeye mwenyewe alipata uhuru mwaka 1784.

Huduma

Alihubiri kama mlei katika kanisa la Kimethodisti la St. George. Siku moja waumini weusi walikatazwa kusali mahali walipokuwa wamepiga magoti, na Jones akashikwa ainuliwe kabla sala haijaisha. Walitoka wote pamoja. Tayari mwaka 1787 yeye na Richard Allen walikuwa wameanzisha Free African Society, chama cha kusaidiana.

Homa ya manjano ilipoua maelfu ya watu mjini mwaka 1793, wawili hao waliongoza weusi wenzao kuuguza wagonjwa na kuzika maiti. Waliposhutumiwa kwamba walijitajirisha, walijibu kwa kijitabu mwaka 1794.

Mwaka huohuo kanisa la Mt. Thomas lilifunguliwa na kujiunga na Waepiskopali. Askofu William White alimweka Jones kuwa shemasi mwaka 1795, na miaka michache baadaye kasisi. Alisamehewa sharti la kujua Kigiriki na Kilatini, lakini parokia yake ilinyimwa nafasi katika mkutano wa dayosisi. Ilikubaliwa humo katika miaka ya 1860 tu, muda mrefu baada ya kifo chake.

Kumbukumbu

Kanisa la Kiepiskopali humkumbuka kila mwaka tarehe 13 Februari.