Bibi Titi na Kadi za TANU

Nikisikia watu wakidai kwamba chama hujengwa na wenye mali, mimi humkumbuka marehemu Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam. Alizaliwa mwaka 1926, akavuma mjini kwa sauti yake katika ngoma ya Bomba.

TANU ilipoundwa mwaka 1954 haikuwa na hazina. Mwaka 1955 Bibi Titi alikabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Aliwaendea kwanza viongozi wa vikundi vya ngoma, maana humo kina mama walikwisha zoea kuaminiana na kuchangiana. Kwa njia hiyo hiyo kadi zikauzwa na senti zikakusanywa. Haikupita miezi mingi, wanawake wapatao 5,000 wakawa wamejiandikisha.

Uhuru ukapatikana mwaka 1961. Lakini mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000.

Dar es Salaam ina barabara yenye jina lake. Mimi naona ukumbusho wake mkubwa ni kina mama wale waliojenga chama kwa senti zao. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenyezi Mungu amrehemu.